Joka halina shida, shida ni mfuko wa simenti

Kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mpiganaji wa ngazi ya tano ana alama za uhai 44, yaani kiasi cha madhara anachoweza kustahimili. Anateleza kwenye mdomo wa shimo na kuanguka mita 30. Kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, kila mita tatu za kuanguka ni dadu moja ya pande sita, kwa hiyo anarushiwa dadu kumi, na wastani wake ni 35. Anasimama chini ya shimo akiwa na alama tisa. Analala saa nane. Asubuhi ni mzima kabisa, hata kuchechemea hachechemei.

Kuna miji ambako kanuni hiyo inapita bila mtu kuuliza. Lubumbashi haipiti. Mita 30 ndicho kina cha mwisho ambacho kanuni za madini za Kongo zinamruhusu mchimbaji mdogo kufika, na ukiketi na vijana wa mitaa ya Ruashi au Katuba si ajabu kukuta mmoja wao ana kaka au mjomba aliyewahi kushuka kwenye shimo la namna hiyo. Ukiwaambia mtu kaanguka humo na kuinuka, watacheka. Shida haiko kwenye kicheko, michezo ni ya kufurahi. Shida ni kwamba baada ya hapo hakuna atakayekiogopa kitu kingine chochote utakachomweleza usiku huo, hata ukimletea joka la vichwa saba.

Ndiyo maana mjadala wa uhalisia kwenye michezo ya kuigiza wahusika unapotea njia kila unapofanywa mjadala wa kiasi: tuweke uhalisia mwingi au kidogo? Swali lenye manufaa ni la mahali. Uhalisia uwekwe pale ambapo wachezaji wenyewe wanakijua kitu kwa mikono yao, na pale ambapo gharama ya kitu hicho inamlazimisha mtu kuchagua. Kwingineko kanuni ziachwe zilegee, wala hakuna atakayelalamika.

Tumalizane na shimo kwanza. Gary Gygax, aliyeuanzisha mchezo huo pamoja na Dave Arneson mwaka 1974, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 cha waendesha mchezo, yaani wale wanaosimulia hadithi mezani, kwamba alama za uhai si nyama na damu tu. Sehemu kubwa ni ustadi, bahati na ulinzi wa miungu. Kwa upanga, maelezo hayo yanatosha: pigo lililotoa alama 12 huenda lilikwepwa kwa unywele, na mpiganaji amechoka tu. Kwa mwamba ulio chini ya shimo hayana kazi, kwa sababu mwamba haukwepwi. Kwa hiyo acha dadu za kitabu zifanye kazi hadi mita tisa. Zaidi ya hapo, mhusika arushe dadu ya pande 20 ya kujinusuru kwa ustahimilivu wa mwili wake, lengo la kufikia likiwa 10, ukiongeza moja kwa kila mita tatu zilizozidi tisa. Kwa mita 30 lengo ni 17. Akishindwa, alama zinashuka hadi sifuri, hata kama alikuwa nazo mia. Akifaulu, anapokea dadu za kitabu na kiungo kimoja kinavunjika. Matokeo yake utayaona kabla ya mtu yeyote kuanguka: wachezaji wataanza kuuliza bei ya kamba, urefu wake, na nani atabaki juu kuishika.

Wapo waliojaribu kutibu jambo hili kwa kuongeza kanuni kila mahali. Mchezo wa RuneQuest, uliotoka mwaka 1978, ulimgawa mwanadamu viungo: mguu una alama zake, mkono zake, kichwa zake, na deraya inahesabiwa kiungo kwa kiungo. Ni kazi nzuri, na mtu akipigwa mguuni anaanguka kweli. Mchezo mwingine, Rolemaster, ukaja na majedwali ya majeraha, jedwali moja kwa kila aina ya silaha na jingine kwa kila aina ya pigo zito. Hapo ndipo gharama inapoonekana. Pambano ambalo ndani ya hadithi limechukua nusu dakika linakula saa nzima mezani, watu wakifunua kurasa. Ukweli wa kila pigo umeongezeka, lakini uamuzi wa mchezaji ni uleule: piga au kimbia. Kanuni isiyobadilisha uamuzi wowote ni karani anayelipwa kwa kukaa.

Kisha kuna pingamizi ambalo halikosi: kama kuna majoka na watu wanaorusha moto kwa vidole, kwa nini tuhangaike na uzito wa mizigo? Jibu ni kwamba joka limetangazwa na uzito haukutangazwa. Mwendesha mchezo alipowakalisha watu aliwaambia wazi kwamba dunia hii ina majoka. Hakuwaambia kwamba dunia hii simenti ni nyepesi. Kila asichokitaja, wachezaji wanakichukua kutoka dunia wanayoamka nayo kila siku. Na kile alichokitangaza kina deni lake: uchawi ukishaingia, lazima maisha ya watu wa kawaida yasogee kuupisha.

Chukua tamko la kichawi la kuumba maji. Kitabu kinasema kasisi wa ngazi ya kwanza anaweza kutoa galoni kumi kwa tamko moja, yaani lita kama 38, na kwa siku ana nguvu za matamko mawili. Hiyo ni lita 76, karibu mabido manne ya lita 20. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni na bido la manjano atalimaliza hesabu hilo kichwani kabla hujafunga kitabu. Kasisi mmoja anatosha nyumba mbili tatu. Kanisa lenye makasisi kumi linatoa mabido 38 kwa siku, ambayo kwa komini nzima ni tone. Basi wauza maji wa mjini hawatakufa njaa, ila kwenye kijiji cha familia mbili tatu kisima kinaweza kuachwa kiote majani. Tena mlangoni kwa kasisi kutakuwa na foleni tangu alfajiri, na siku anapoamua kutumia matamko yake vitani, watu wa foleni watarudi na mabido matupu. Hapo tayari una hadithi, bila joka hata moja. Fanya hivyo hivyo na taa ya uchawi inayowaka saa nzima bila malipo. Katika mji ambako umeme unakatika saa yoyote, mwanafunzi wa uchawi mwenye tamko hilo hawezi kukosa wateja, na muuza mishumaa hawezi kukosa kumchukia.

Turudi kwenye uzito, maana hapa ndipo vitabu vinapokosea kwa namna ambayo mtu wa hapa anaihisi mgongoni. Kanuni ya kawaida ya toleo la tano inazidisha nguvu ya mhusika kwa ratili 15. Mtu wa kawaida ana nguvu 10, kwa hiyo anabeba ratili 150, yaani kilo 68, siku nzima, kwa mwendo uleule wa aliyetembea mikono mitupu. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Mpe mchezaji mfuko mmoja na robo ya mwingine kisha mwambie mhusika wake anakimbia nao huku anapigana, atakutazama. Kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari ambayo wengi wanairuka: mtu wa nguvu 10 anaanza kupungua mwendo akivuka kilo 23, na akivuka kilo 45 analemewa kabisa. Hiyo inakaribia ukweli wa mifuko. Inachowashinda watu ni kuandika kila kitu kwa ratili.

Njia rahisi ni kupima kwa mfuko wa unga wa kilo 25, ambao kila mtu ameshaubeba. Chora visanduku kumi kwenye karatasi ya mhusika, kila kimoja kilo tano. Visanduku vitano vikijaa, ndio mfuko mmoja wa unga: anatembea kawaida. Cha sita hadi cha kumi: mwendo nusu. Kikizidi hapo, anasukuma hatua tu na hawezi kupigana mpaka atue mzigo. Mwenye nguvu 14 mpe visanduku viwili zaidi vya mwendo wa kawaida. Vitu vidogo kama kisu, chumvi na sindano visihesabiwe kabisa. Hesabu nzima inafanywa kwa kalamu ya risasi, na kifutio ni cha lazima.

Fedha nayo ni mzigo. Katika toleo la miaka ya 1970, sarafu kumi zilikuwa na uzito wa ratili moja, yaani gramu 45 kila moja. Toleo la tano linataka sarafu 50 kwa ratili, gramu tisa kila moja. Hazina ya sarafu 2,000 ilikuwa kilo 91, leo ni kilo 18. Ukitazama haraka unaweza kusema wamerekebisha kosa, na ni kweli kwamba sarafu ya gramu tisa inafanana zaidi na sarafu halisi. Lakini zamani mhusika alipanda ngazi hasa kwa dhahabu aliyoitoa pangoni, kipande kimoja kikihesabiwa kama alama moja ya uzoefu. Kuitoa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: punda, wapagazi, safari mbili au tatu kupita mlango uleule wenye nyoka. Walipoacha kutoa uzoefu kwa dhahabu, wakabaki zaidi na ule wa kuua viumbe, uzito wa dhahabu ukakosa kazi, ukapunguzwa, halafu watu wakaacha kuuhesabu. Sarafu ile nzito haikufanana na sarafu ya kweli, na bado iliufanya mchezo uaminike zaidi. Anayetaka kujua dhahabu ni nini hasa, achukue sanduku la viatu: likijazwa sarafu za dhahabu safi, hata ukihesabu nafasi zilizobaki kati yake, litakaribia kilo 90. Hakuna mwizi anayeruka nalo ukuta.

Kwa meza ya Lubumbashi, mimi ningeiacha dhahabu. Nchi hii ilikuwa na fedha yake. Misalaba ya shaba imechimbuliwa kwenye makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, na karne ya 19 shaba ya Katanga ilikuwa inasafiri mbali kwa biashara, hata chini ya utawala wa Msiri kule Bunkeya. Msalaba mkubwa wa kawaida ulikaribia kilo moja. Wape wahusika wanne malipo ya misalaba 120: kila mmoja amepata kilo 30, yaani amevuka mfuko wa unga kabla hajaweka mkuki na chakula. Mwendo wa kawaida wa kitabu ni kilomita kama 38 kwa siku. Umbali wa Lubumbashi hadi Likasi, kilomita 120 hivi, ambao wangeumaliza kwa siku tatu na kitu, sasa unawachukua zaidi ya sita, na kila siku inaliwa chakula. Watazika sehemu ya mali? Wataajiri wapagazi wasiowajua? Kila jibu ni uamuzi, na hakuna kanuni mpya iliyoongezwa.

Shaba hiyo pia lazima mtu aiyeyushe, na hapa inafaa kuingia ndani, kwa sababu fundi katika michezo hii kwa kawaida hurusha dadu moja, akafaulu, akapewa kitu. Dadu moja inaficha kazi yote. Mawe ya kijani, malakiti, yana shaba asilimia 57 yakiwa safi, na hayawi safi. Kwa mchezo, hesabu kilo tano za mawe yaliyochaguliwa kwa msalaba mmoja. Yanavunjwa na kuoshwa. Tanuru linajengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto. Makala, yaani makaa, na mawe yanapangwa tabaka kwa tabaka, mivukuto inafungwa kwenye mirija ya udongo iliyoingizwa chini, na watu wanavuta kwa zamu. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085. Inashuka chini ya tanuru ikiwa bado na uchafu, kwa hiyo inayeyushwa tena kwenye chungu, kisha inamwagwa kwenye umbo la msalaba lililochimbwa mchangani.

Mambo yanayoharibika ni matatu, na kila moja ni uamuzi wa mchezaji kabla halijawa dadu. Udongo usipokauka vizuri, mvuke unapasua ukuta wa tanuru moto ukiwa umekolea, na mawe yote yamepotea: je, mnasubiri siku ngapi? Wavuta mivukuto wakichoka kwa pamoja, joto linashuka na shaba inagandamana na mabaki ya mawe: je, mna watu wangapi, na nani analinda njia wakati wote wanavuta? Mchanga wa umbo ukiwa na unyevu, shaba inaruka na kumchoma aliyesimama karibu: je, nani anamwaga? Juu ya yote kuna saa ya mwaka. Kazi hii ilikuwa ya kiangazi, na kufikia Oktoba mawingu yanaanza kukusanyika. Mwendesha mchezo aweke tu hesabu ya siku kwenye kipande cha karatasi mahali ambapo wote wanaiona, na kila asubuhi ya mchezo arushe dadu moja: mwanzoni mvua inanyesha ikitoka sita, wiki inayofuata ikitoka tano au sita, na kuendelea.

Mchezaji mjanja atasema mchawi wake arushe mpira wa moto tanuruni. Mkubalie arushe. Mpira wa moto ni mlipuko wa kufumba na kufumbua. Tanuru linataka joto lilelile kwa saa nyingi. Uchawi haujakatazwa, umepimwa tu, na wavuta mivukuto wanabaki na ajira yao.

Dadu zenyewe zina uhalisia wao, na huu watu hawauoni kwa sababu umejificha kwenye hesabu. Meza nyingi zina desturi kwamba ukipata 1 kwenye dadu ya pande 20, umefanya jambo la aibu: upanga umekuponyoka, umejikata mguu. Kitabu cha toleo la tano hakisemi hivyo. Kinasema pigo limekosa, basi. Mzunguko mmoja wa vita ni sekunde sita. Mpiganaji anayepiga mara moja kwa mzunguko, katika dakika moja amerusha mara kumi, na uwezekano wa kupata 1 angalau mara moja ni asilimia 40. Bingwa wa ngazi ya 20 anapiga mara nne kwa mzunguko, mara 40 kwa dakika, na uwezekano wake ni asilimia 87. Kwa desturi hiyo, kadiri unavyofundishwa upanga ndivyo unavyojikata zaidi.

Dawa mojawapo ni kuacha dadu ya pande 20 kabisa, na bahati nzuri hapa inapatikana kwa shida hata hivyo. Dadu mbili za ludo zinatosha. Jumla ya saba inatoka mara moja kati ya sita, jumla ya mbili mara moja kati ya 36. Fundi anakuwa fundi: matokeo yake yanakaa katikati, na msiba mkubwa unakuwa adimu kama ulivyo kweli. Mchezo wa GURPS, wa mwaka 1986, unatumia dadu tatu kwa sababu hiyohiyo. Anayeng'ang'ania kanuni za pande 20 bila kuwa na dadu yake, aweke karatasi zilizoandikwa 1 hadi 10 kwenye kopo, avute moja, kisha arushe dadu ya ludo: namba witiri inaacha kama ilivyo, namba shufwa inaongeza kumi. Karatasi irudi kopo kila mara, la sivyo hesabu inaharibika.

Kuhusu kupona, kitabu cha waendesha mchezo kina kanuni ya hiari ya uhalisia mkali: mapumziko mafupi yawe saa nane, marefu yawe siku saba. Inapendeza ukiisoma. Inachokiharibu ni usawa wa wahusika, kwa sababu wachawi na makasisi wanarudishiwa matamko yao kwa mapumziko hayohayo, na wanakaa wiki nzima mikono mitupu huku mpiganaji akiendelea kupiga. Itumie tu kama hadithi yako yenyewe inakwenda polepole, ya misimu na safari, kama ile ya tanuru. Kwa hadithi ya usiku mmoja ndani ya pango itaua mchezo.

Kuna pia uhalisia wa kuazima. Utasikia mtu akisema dunia yenye misalaba ya shaba na vichuguu "haina uhalisia", halafu anakubali kilabu cha pombe cha Ulaya ya kale kinachouza viazi, zao lililovuka kutoka Amerika baada ya 1492. Na sisi tusijisahau: bukari ya mahindi na muhogo navyo vilitoka hukohuko. Ukiweka hadithi yako Upemba ya karne ya 13, wahusika wale uji mzito wa mtama au ulezi, na samaki wakavu wawepo tele.

Uhalisia mmoja una mipaka yake, na ni wa ukatili. Kwenye meza za mji huu wapo watu waliotoka Kivu na Ituri, na wapo waliosikia milio ya risasi hapahapa. Kijiji kilichochomwa, mtoto aliyepewa silaha, mwanamke aliyechukuliwa na askari: vitu hivi vinaweza kuandikwa kwa usahihi kabisa na bado visiwe na kazi yoyote kwenye mchezo wa Jumamosi. Kabla ya kikao cha kwanza, kila mchezaji apewe karatasi na kalamu ya aina moja, aandike asichotaka kukutana nacho, asiweke jina. Mwendesha mchezo anasoma peke yake, anavitoa vitu hivyo kwenye hadithi bila kuuliza sababu. Asiye na la kuandika naye achore mistari michache na kuikunja karatasi yake sawasawa na wengine, ili mwenye jambo asitambulike kwa kuwa ndiye pekee aliyeinama kuandika.